Siku Niliyoitoroka Semina

Siku ya pili ya semina, chai ya saa nne,
mwezeshaji ameshatamka "mfumo" mara arobaini,
nikapitia mlango wa jikoni, kati ya masufuria,
na karatasi mfukoni: mahali panne pa muziki,
Dodoma, kabla ya jua kuzama.

Pa kwanza, ukumbi wa dansi.
Kaka yangu aliutaja maisha yake yote
kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba aliyeolewa kwingine.
Sasa wanauza vigae na masinki.
Kijana mwenye penseli sikioni akaniuliza
bafu langu lina futi ngapi.
Nikainamisha macho. Sakafu nyekundu, ya zamani,
imelika mviringo mmoja karibu na ukuta wa mbele,
pale visigino vilipogeuka, vikageuka tena,
Jumamosi baada ya Jumamosi.
"Sinunui," nikamwambia, "nasikiliza."
Akatazama juu. Alidhani paa linavuja.

Pa pili, duka la kanda, Majengo.
Kanda hamna. Kuna chaja, vioo vya simu,
na kabati moja nyuma lenye kufuli dogo.
"Hizo za marehemu mke wangu," akasema mwenye duka,
akanionyesha moja kupitia kioo, bila kufungua.
Kwaya. Upande wa pili. USIFUTE.
Nilitaka kuuliza kama anazo redio za kuichezea.
Nikanunua chaja nisiyoihitaji.

Pa tatu, chumba cha ngoma za kale.
Mlinzi anakula ubuyu, anatema mbegu kwa mpangilio.
"Mwenye ufunguo hayupo, mzee. Yuko semina."
"Semina gani?"
Akautaja ukumbi wangu.

Basi ikabaki Chamwino.
Yoramu wa bodaboda akanipa kofia iliyonuka nywele za watu,
vumbi likatulaki tangu njia panda,
mashamba ya mizabibu yakapita, kisha uwele, kisha uwele.

"Mbukwenyi," nikasema, neno pekee nililojifunza.
Fundi Sakalani akacheka, akaendelea kukwangua.
Mbele yake sanduku la mti mwekundu,
vyuma vya ilimba alivipata kwenye miavuli mibovu,
akavipondaponda hadi vikawa vipana kama ndimi.
Ubavuni tundu, na juu ya tundu
utando mweupe wa buibui, ameubandika kwa ulimi.
"Bila huyu," akasema, "nimetengeneza kreti ya soda."

Sikio langu la kushoto lilizimwa na surua,
Korogwe, nikiwa na miaka sita.
Tangu hapo dunia hunijia kwa mlango mmoja.
Sikumwambia. Aliona tu navyogeuza shingo,
akaja upande ule uliofungwa,
akaegemeza sanduku kwenye taya langu,
akapiga.

Sikusikia kwa sikio. Ulilia mfupa.
Kitu kilizunguka ndani kama nyuki aliyekosa dirisha,
kikapanda kwenye meno, kikashuka shingoni,
na mimi, mkaguzi wa hesabu, mtu wa safu na jumla,
nikashika ukingo wa kigoda.

Jirani, Mama Foibe Masinga, alikuwa ameanika muheme mbili,
ngozi zimelitazama jua.
Nikamwomba apige kidogo tu, nimetoka mbali.
Akanitazama kuanzia kwenye viatu.
"Leo nina mlenda jikoni," akasema.
"Na hizo hazipigwi kwa sababu mgeni ana haraka."
Akanipakulia. Nikala. Mlenda ulinivuta vidole.

Siku ya tatu nimekaa kiti cha mwisho.
Taya bado linanguruma.
Mwezeshaji anafunga mada, tunapiga makofi,
na safu mbili mbele yangu, kiunoni mwa mtu mnene,
rundo la funguo linalia, chwa, chwa,
kila mikono yake inapokutana.
Nageuza shingo,
sikio zima mbele,
makofi ya wengine yaishe kwanza.